Mkono Mzito na Mausi ya Mpira

Ulikuwa mwaka tuliokula majani ya maharage kwa sababu maharage yenyewe hayakuja. Mvua ilikatika maua yakiwa yametoka, maganda yakabaki matupu, na Murukulazo nzima ikachuma majani, ikayachemsha, ikala na ugali wa muhogo mchana na jioni. Ukimuuliza mtu wa kwetu niliugua lini, hatakutajia tarehe. Atakwambia, mwaka wa majani. Mwaka huo ndipo kitu kilipoota kwapani kwangu, upande wa kulia.

Mimi naitwa Generoza. Ni Mhangaza, mjane, mama wa watoto wawili na bibi wa wajukuu saba, na wote saba walijua herufi kwenye kibodi kabla hawajaanza shule, kwa sababu niliwafundisha mimi. Mwenyewe niliishia darasa la nne. Nilikuwa nafagia ofisi ya parokia, na sista aliyekuwa anaandika vyeti vya ubatizo aliniona nachungulia mashine yake kila nikipita na ufagio. Siku moja akaniambia weka ufagio chini, kaa hapa. Nikakaa. Tangu siku hiyo sijainuka. Baadaye mimi na binti yangu Adelina tulifungua steshenari Kabanga, karibu na mpaka, pale mabasi yanapogeuzia. Tunatoa kopi, tunaandika barua, tunawajazia watu fomu za mtandao, za vyeti vya kuzaliwa, za kazi, za chuo. Watu wananiita Bibi Kompyuta, na sijawahi kuwakataza.

Nayasema haya ujue mkono wangu wa kulia ulikuwa wa namna gani. Fomu za mtandao zina visanduku vidogo kama mbegu za ulezi. Kile kishale kwenye kioo lazima kiingie ndani ya kisanduku ndipo ubofye. Mkono ukiteleza, mtoto wa mtu anazaliwa kabla ya mama yake. Wangu haukuteleza. Nilikuwa nashika mausi huku naongea na mteja, namtazama machoni, na kishale kinakwenda kinapotakiwa kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Sasa kosa langu. Naliandika mwanzoni ili lisikupite. Kwetu uvimbe wa kwapani ni mtoki, na mtoki unaletwa na kidonda cha mkononi. Niliutafuta mkono mzima kidonda sikukiona. Niliona sugu tu, pale kifundo cha mkono kinapolalia meza nikishika mausi. Nikasema basi, ni hiyo mausi, mkono umechoka. Wifi yangu Anastazia, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, akaniletea mama mmoja kutoka Mbuba anayechanja. Alinichanja kwapani kwa wembe, chale tatu, akasugua unga mweusi. Baada ya miezi miwili akarudia, tatu tena. Hakuna aliyenishika. Niliinua mkono mwenyewe, nikampa jogoo na asante juu yake. Kwa jumla nilikaa miezi saba nikingoja mtoki utoke.

Na muda wote huo nilikuwa naliona ziwa langu. Ngozi ilikuwa kama ganda la chungwa na chuchu imezama ndani. Nililiona nikioga, nikavaa, nikaenda kazini. Usiniulize kwa nini. Mwanamke aliyezoea kuwasomea wengine karatasi zao hapendi kuwa yeye ndiye karatasi. Adelina aliniona siku nabadilisha blauzi iliyolowa mvua. Alisimama tu pale mlangoni. Akauliza, "Mama, hilo ni la tangu lini?" Nikamwambia tangu majani. Akakaa chini sakafuni.

Hospitali ya wilaya walitutuma Mwanza. Sitakueleza walichonieleza, sehemu kubwa sikuielewa na nyingine nilikataa kuisikia. Nitakueleza mabenchi. Benchi la Mwanza ni refu, la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu. Unafika alfajiri unapewa namba, unakaa mwisho, kila anapoitwa mmoja mnasogea wote. Unajua umekaribia kwa sababu ya harufu ya dawa. Watu hawaulizani unaumwa nini. Wanaulizana umetoka wapi na umekula nini. Kuna siku tulisogea mpaka jioni, na mwanamke wa mbele yangu alipoitwa hakuinuka. Tulidhani kasinzia.

Walinitoa ziwa wakati wa kiangazi, vumbi la barabarani likiwa limepanda mpaka kwenye madirisha. Niliingia na mawili nikatoka na moja, na mpira mwembamba umetoka ubavuni unachuruzisha damu kwenye chupa. Na mle kwapani walichimba pia. Kisha zikaja dripu, sita, kila baada ya wiki tatu. Tangu hapo nilisahau Jumatatu na Ijumaa. Niliishi dripu ya kwanza, dripu ya pili. Baada ya kwanza nywele zilibaki kwenye kitambaa. Baada ya pili maji yalikuwa na ladha ya msumari. Baada ya tatu kucha ziligeuka nyeusi, na mteja mmoja akanishauri niache kumenya ndizi mbichi.

Basi letu lilikuwa linapita Biharamulo, na hapo ndipo alipokuwa anapanda Esperansi. Wazazi wake walitoka Burundi wakimbizi, yeye alikulia Biharamulo, analima mahindi na karanga, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Tulijuana kwenye benchi. Yeye alitolewa la kushoto. Siku ya kwanza alinitazama kifua, akajitazama chake, akasema, "Dada, tukikaa hivi bega kwa bega tunatoa mwanamke mmoja mzima." Kicheko kilinivuta mshono mpaka nikalia. Tangu hapo nilikuwa namwekea siti. Nilikuwa naweka mfuko wangu kwenye siti ya pembeni kutoka Ngara, na konda akisema bibi toa mzigo, namwambia hiyo siti ina mwenyewe, anapanda Biharamulo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwanangu Deo, anayekaa Murukulazo kwenye shamba la baba yake, alikuwa na sherehe ya posa ya binti yake, mjukuu wangu mkubwa. Kwetu pombe ya mtama, impeke, inawekwa kwenye chungu kimoja katikati na kila mtu anaingiza mrija wake. Hapo ndipo unajua nani ni ndugu. Nilipofika na kilemba changu kichwani, nilikuta nimetengewa kibuyu kidogo pembeni na mrija wake. Mke wa Deo alisema ni kwa ajili ya afya yangu. Hakuna aliyeinua macho. Nilikunywa. Ilikuwa impeke nzuri, iliyoiva, na nilikuwa bibi wa bibi harusi mtarajiwa, nanyonya kibuyu peke yangu kama mtoto aliyeachishwa.

Na dukani, Adelina alianza kufuta mausi kwa pamba na spiriti kila nikiinuka. Alisema wateja wanasema. Nilimwambia futa mwanangu, futa na kiti.

Mkono ulianza kuvimba kati ya dripu ya nne na ya tano. Ulianza na pete. Nilikuwa naizungusha kila nikisali, siku hiyo haikuzunguka. Ilibidi ikatwe kwa msumeno mdogo. Kufika dripu ya tano mkono ulikuwa umejaa kuanzia kidoleni mpaka begani, vidole vimenenepa kama ndizi, ukibonyeza kwa gumba shimo linabaki. Haukuuma sana. Ulikuwa mzito tu, mzito kama si wangu, kama nimeombwa kumbebea mtu mzigo naye akapotea sokoni.

Nesi wa Mwanza, mama mfupi mwenye sauti ya kiume, alitushika mimi na Esperansi pamoja. Alisema njia za maji zimetolewa pamoja na ule ugonjwa, kwa hiyo maji ya mkono hayana pa kupita, na huenda yasiishe kabisa. Uvimbe utapunguzwa kwa kuufunga bandeji, kuufanyisha mazoezi na kuuinua. Tuulaze juu ya mto. Tusibebe ndoo, tusipimwe presha upande huo, tusichomwe sindano hapo. Akamalizia, "Na wembe usiuguse. Ngozi ikifunguka, wadudu wakiingia kwenye maji hayo, sisi huku tutawapokea ninyi mkiwa mmeshachelewa." Esperansi akaniuliza Kirundi kama nimesikia. Nikamjibu Kihangaza kwamba nimesikia. Lugha zetu zinasikilizana.

Nilirudi kwenye kiti changu nikakuta mausi imegeuka jiwe. Mtu mwenye mkono mzima hajui anachofanya na mausi. Anadhani anashika tu. Kumbe anaiburuta siku nzima, na si kwa vidole, kwa mkono wote kuanzia begani. Mimi kila kisanduku kilikuwa safari. Kufika mchana bega linawaka na maji yameshuka vidoleni kwa sababu meza iko chini na mkono unaning'inia.

Nikajaribu mkono wa kushoto. Adelina alinibadilishia vitufe ndani ya mashine. Nilifanya wiki mbili. Kishale kilitembea kama mlevi anayetoka kwenye arusi, lakini kilianza kunizoea. Tatizo nilikuwa napokea na kutoa karatasi kwa mkono huo huo, na mzee wa kwetu ukimpa karatasi kwa kushoto umemtukana. Mmoja aliacha cheti chake juu ya meza akaondoka. Tena mkono wa kushoto ukafanya kazi ya miwili, ukaanza nao kuuma.

Nikajaribu kile kibao cha kupapasa kilicho kwenye laptopu. Hapo ndipo niliposababisha msiba. Dada mmoja mwalimu alikuwa anaomba kazi, mtandao unafungwa jioni ile. Nilikuwa nateleza kwa kidole kilichovimba, kile kibao hakijui kama kidole kinene kimegusa au kimebofya, na kabla sijaweka cheti chake nikawa nimetuma. Haikurudi. Nilijaribu, Adelina akajaribu, haikurudi. Yule dada hakupiga kelele. Alisema, "Bibi, umenimaliza," akakunja vyeti vyake akavirudisha kwenye bahasha kimoja kimoja. Mpaka leo sijamwona tena. Kama unasoma hapa, mwanangu, sina cha kusema.

Habari ikafika Murukulazo kabla yangu. Jumapili baada ya misa Deo aliniita. Nilidhani ni chakula. Nilikuta viti vimepangwa, na Anastazia amekaa kwenye kile cha mume wangu. Nje ya mlango wa nyuma niliona mguu wa mtu aliyekaa kwenye kigoda, na mkoba mdogo wa ngozi karibu na mguu. Niliujua ule mkoba. Ni mama wa Mbuba.

Wifi yangu haongei kwa hasira. Alianza na pole. Alisema aliona nilivyokataa kupumzika baada ya kupasuliwa, akanyamaza. Aliona nilivyorudi kwenye mashine kabla nywele hazijaota, akanyamaza. Sasa mkono umejaa maji, na kila mtu anajua ile mashine ndiyo inayoyavuta, maana nikikaa nyumbani unapungua na nikirudi kazini unajaa. Hilo la kupungua lilikuwa kweli. Nikamweleza la nesi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," akasema, "chungu kikijaa kinamwagwa. Wewe chagua. Uchanjwe leo maji yatoke, au ile mashine iuzwe urudi hapa ukae tukutunze."

Nikatazama Deo. Alikuwa analia, mwanaume mzima, machozi yanaingia kwenye ndevu. Akasema, "Mama, shangazi anasema kwa uchungu. Tunataka uishi."

Nilijua wanataka niishi. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kukaa maana yake mkeka uani, uji kwenye kikombe changu peke yangu, na kibuyu changu peke yangu, mpaka siku moja wasogee kama kwenye benchi. Na kuchanjwa nilikuwa nakujua. Zile chale za zamani walizikata Mwanza pamoja na nyama iliyooza, lakini vidole vyangu bado vinakumbuka zilipokuwa. Sikupandisha sauti. Nikasema, "Mkono huu hauchanjwi, na kiti changu sikiachi."

Anastazia akasimama, akafunga vizuri kanga yake. "Basi tutakuzika na kompyuta yako kifuani."

"Iwekeni upande wa kulia," nikamwambia. "Pana nafasi."

Hakucheka mtu. Nilirudi Kabanga kwa miguu nusu ya njia, kwa sababu Deo hakunisindikiza. Hajaja dukani tangu siku ile. Anatuma ndizi kwa watu.

Maneno nilikuwa nimeshayasema, sasa ilibidi niyafanye yawe kweli. Nyuma ya soko kuna fundi anaitwa Sadoki, anatengeneza simu na kompyuta na anauza vifaa vilivyotumika vinavyokuja kwenye mafurushi. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamwambia anionyeshe mausi zote alizo nazo. Akasema, "Bibi, mausi ni mausi." Nikamwuliza kama na kwake mke ni mke. Akaenda kuleta katoni.

Hapa wewe mwenye mkono kama wangu soma polepole, ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Usichague kwa macho. Kaa kwenye kiti, omba ichomekwe, weka mkono jinsi unavyoumwa si jinsi unavyotaka watu wakuone, na ufanye nayo kazi kama saa moja hivi. Sadoki alinipa kwanza ile ndogo isiyo na waya, nyembamba kama sabuni iliyobaki. Wasichana wanaipenda. Vidole vyangu vilijikunja juu yake kama kucha za kuku, nikairudisha. Akanipa iliyosimama kiubavu, unaishika kama unampa mtu mkono wa salamu. Hiyo nilikaa nayo sana. Kifundo kilipumzika kweli, na anayeumwa kifundo tu aichukue. Lakini bado inaburutwa, na bega langu halikudanganyika. Akanipa kalamu na kibao chake. Ni kitu kizuri, ila mkono lazima uelee hewani kama unapaka rangi ukuta, na wangu hauwezi kuelea.

Chini kabisa ya katoni kulikuwa na kitu kama kigae kipana kilichobeba mpira mwekundu, ukubwa wa ndimu. Sadoki alitaka kukiruka. Alisema hizo ni za zamani, mpira ndio unaozungushwa, yenyewe haiendi popote, hakuna anayenunua. Nikamwambia irudie hiyo ya haiendi popote.

Alikuwa nazo mbili. Moja mpira uko pembeni chini ya dole gumba, imechongwa kwa mkono wa kulia tu. Gumba langu lilikuwa limevimba kuliko vyote, na nilifikiri, mkono huu ukinishinda kabisa hii nitaifanyia nini? Nikachukua ile ya mpira katikati, inayokubali mkono wowote. Ilikuwa chafu, inakwama. Sadoki akautoa mpira kama anatoa jicho la samaki, na ndani mlikuwa na nywele na nta ya watu waliopita. Kuna vitu vitatu vidogo pale unapolala mpira. Hivyo ndivyo vinavyokusanya uchafu. Alivikwangua kwa kijiti, akafuta, akarudisha. Ukizungusha ukasikia inasita, usimlaumu fundi, toa mpira usafishe.

Na hili ndilo lililoamua. Mausi inataka meza, na meza iko chini. Hii haitaki meza. Niliilaza juu ya mto mgumu uliojazwa pamba, mto juu ya tofali mbili za kuchoma zilizofungwa kitenge, mkono wangu ukalala wote juu yake kuanzia kiwiko, umeinuka kama nesi alivyosema. Unaozunguka ni mpira, mkono umetulia. Vidole vya kulia vinazungusha, na mkono wa kushoto unakuja kubofya, polepole, kwa makusudi. Kwa hiyo sibofyi tena kwa bahati mbaya. Kama ningekuwa nayo siku ya yule mwalimu.

Sikuiweza siku moja. Wiki nzima kishale kilikuwa kinapita kisanduku na kurudi. Nilipunguza mwendo wake kwenye mashine, nikawa najizoeza kwa kuandika majina ya wajukuu na kuchora mstari chini ya kila jina. Mkono haukupona. Lakini haukuongezeka. Jioni haukunimwagia tena moto begani. Kwa mgonjwa hiyo ni rehema kubwa, siku inayokwisha kama ilivyoanza.

Kwenye dripu ya sita nilimsimulia Esperansi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezidi wangu. Hakuwahi kugusa kompyuta, lakini alisema matibabu ya mionzi tuliyobakiza yakiisha atakuja Kabanga nimfundishe, maana jembe halimtaki tena na mumewe anamtazama kama debe lililotoboka. Nilimwambia nina mto wa ziada. Akauliza kama mpira wake unaweza kuwa wa kijani. Nikamwambia nitamwuliza Sadoki. Nilimwuliza kweli.

Safari ya mionzi niliweka mfuko kwenye siti kama kawaida. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Biharamulo basi lilisimama, wakapanda watu, konda akanitazama, nikamwambia ina mwenyewe. Basi likaondoka. Nilifika Mwanza na ule mfuko pembeni yangu.

Siku ya tatu nilipiga simu ya mumewe, akapokea dada yake Esperansi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kurudia maneno hayo mara nyingi. Ndugu walikaa kikao, wakasema maji yatolewe, akaletwa mtu, wakachanja kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni. Maji yalitoka, kila mtu akafurahi, mkono ukawa mwembamba. Siku ya nne ukawa mwekundu, akatetemeka, wakasema ni malaria. Walimfikisha hospitali amekwisha kunyamaza. Nikamwuliza kama Esperansi alikubali mwenyewe. Dada yake akasema, "Alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alichoka."

Nimeandika habari hizi kwa ajili ya hiyo siku ya pili.

Mionzi iliisha. Ngozi ya kifuani iliungua ikawa kama ya mkaa, ikabambuka, ikarudi. Nywele zimeota za kijivu na zimejikunja, zamani zilikuwa nyeusi. Naenda kutazamwa kila baada ya miezi sita, na kila mara nakaa kwenye benchi nikifikiri leo ndiyo leo. Mpaka sasa wananiambia rudi nyumbani. Mkono ni mzito. Kuna siku za joto naushika kwa huu mwingine nauweka juu ya mto kama mtoto wa mtu. Adelina bado anafuta kwa spiriti, ila sasa anafuta mashine zote mbili, hata anayotumia yeye.

Kiangazi hiki Anastazia alikuja dukani. Alikuja kama mteja, akakaa kwenye benchi na wengine, akangoja zamu yake bila kunisalimia kindugu. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea na alihitaji kujaziwa maombi. Zamu yake ilipofika alikaa mbele yangu, nikamwuliza jina kamili, kama ninavyomwuliza kila mtu, naye akanijibu jina kamili. Amezeeka. Meno mawili ya mbele hayapo.

Alikuwa anatazama mkono wangu, kisha mpira. Akauliza ninazungusha nini. Nikamwambia ndiyo mausi yangu. Akanyoosha kidole akaugusa, akauzungusha kidogo, kishale kikaruka kwenye kioo naye akautoa mkono haraka. Kisha akaugusa tena. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu changu bila pamba ya spiriti tangu mwaka wa majani.

Nilimaliza fomu. Nikabofya kwa kushoto, karatasi ikatoka.

Akainama karibu, watu wasisikie. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Wifi, yule mama wa Mbuba bado yupo. Ananiuliza habari zako. Ana wembe mpya, hatatumia ule wa zamani. Deo naye yuko nje, ameogopa kuingia. Tuumalize huu mzigo, marehemu mdogo wangu atanidai nini huko aliko nikikuacha hivi?"

Niliona kweli anaogopa. Nikatazama mlangoni, nikaona kivuli cha mwanangu kwenye ukuta wa upande wa pili wa barabara. Nikauinua ule mkono kutoka kwenye mto, wote na uzito wake, nikachukua karatasi na kumpa wifi yangu kwa mkono wa kulia, kwa heshima, kama anavyostahili. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nikamwambia, "Mkono huu hauchanjwi, na kiti changu sikiachi."